Zinazong'aa Zimelala

Kwa wiki tisa baada ya msiba, mama hakuwasha jiko. Alikula mkate mkavu, ndizi mbivu na maziwa ya pakiti, na akaacha madirisha yote wazi, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka mapazia ya sebuleni yakaota ukungu pembeni. Nilipomletea chakula cha moto kutoka hotelini alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka mezani kikapoa kabisa, ndipo akala. "Cha moto kinanikwama," alisema. Majirani walisema ni majonzi, yatapita tu. Mimi nilijua si majonzi peke yake. Mama alikuwa akijiadhibu kwa kosa ambalo ni langu, na mimi nilikaa ng'ambo ya meza nikimtazama akitafuna.

Ninafanya kazi kwenye maabara ya kupima vyakula. Wenzangu wananiita Bi Kipimo, na si kwa kunisifu. Hata nyumbani chumvi naipima kwa mizani, nagombana na wasafishaji wakisogeza chupa zangu upana wa kidole, na mwanamume aliyewahi kunioa alisema siku ya kuondoka kwamba amechoka kulala na rula. Basi nikarudi chumba cha nyuma kwa wazazi wangu, na rula yangu. Ukali huu nimeurithi. Baba alifanya kazi katika maabara hiyohiyo miaka thelathini na mmoja, na yeye walimwita Mzee Mshumaa.

Jina hilo alilipata kihalali. Enzi zake hakukuwa na mitungi ya gesi, kwa hiyo alitumia chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya peremende dukani. Alipanga visahani vyake vya vijidudu ndani, akasimamisha mshumaa unaowaka katikati, akakaza mfuniko. Mshumaa ulitumia oksijeni, ukatoa hewa ukaa, kisha ukazimika wenyewe, na vijidudu vikabaki na hewa aliyovitakia. Likizo za shule alinichukua niende naye. Kazi yangu ilikuwa moja: kukodolea chupa macho na kusema, "Umezima."

Siku moja nilichoka kungoja. Nikafungua mfuniko, nikaupuliza, nikafunika tena, nikatangaza kwamba umezima. Baba aliona moshi ulivyokaa akajua. Hakunipiga. Alinivua lile koti jeupe nililokuwa nikiliburura, akanitoa nje nikakae kwenye ngazi mpaka jioni.

"Ukipuliza unapata mshumaa uliozima, lakini hewa haijabadilika," aliniambia tukirudi nyumbani. "Mtu akitazama kwa nje anaona sawa. Mwanangu, kukosea kipimo tunakosea sote. Hicho ulichofanya wewe ni kitu kingine."

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikiri kwamba nimeelewa.

Alichokifuatilia maisha yake yote ni spora. Kuna bakteria ambao wakikosa chakula hawafi. Hujijengea ganda gumu na kulala humo. Unaweza kuwachemsha, kuwakausha, kuwasahau kabatini miaka na miaka, na mambo yakinyooka wakaamka na kuanza kula kama waliojilaza mchana tu. Swali la baba lilikuwa ni kitu gani huwaamsha, na jibu mojawapo lilikuwa hewa ukaa, hewa hiihii tunayoitoa puani. Lakini hewa hiyo haina msimamo mmoja. Spora zinazosumbua nyama ya kopo, zile zisizoipenda oksijeni, ukizipa hewa ukaa huamka upesi na kwa wingi. Spora zinazokaa kwenye kiporo cha wali, ukizizidishia hewa hiyohiyo zinazidi kulala. Kwa nini hii iamke na ile ilale, baba alistaafu bila kupata jibu la kumtosha, akaniachia mimi swali hilo kama wengine wanavyoachiwa shamba.

Mama aliziita spora wake wenzake. "Leo wake wenzangu wameamkaje?" alimuuliza baba akivua viatu mlangoni.

"Mmoja kaamka, mwingine kanuna," baba alijibu.

"Huyo aliyenuna mwambie hata mimi nimenuna. Chakula kimepoa."

Na kitu kimoja zaidi, ambacho sasa sipendi kukitaja lakini lazima. Kwenye hadubini yetu, spora iliyolala hung'aa, nyeupe kama punje ya mchele kwenye sinia jeusi. Ikianza kuamka, maji huingia gandani na ule mng'ao hupotea, inabaki kitu cheusi kisicho na mvuto. Wageni wote hukosea hapo. Wanaona zinazong'aa wakadhani ndizo zilizo macho. Baba aliwakaririsha wanafunzi wake: inayong'aa imelala, iliyofifia ndiyo iliyoamka. Na mimi nimewakaririsha wangu, si chini ya hamsini.

Mapafu yalimsaliti miaka mitatu baada ya kustaafu. Hewa ilikuwa inaingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Hospitali ikatupa mtungi wa oksijeni tukae nao nyumbani, ukasimamishwa kando ya kitanda chake, na juu yake koki na bomba dogo la kioo lenye gololi ndani. Ukifungua koki gololi hupanda, na pale inaposimama ndipo unaposoma kipimo. Daktari, mwanamke wa sauti ndogo mwenye haraka, alituelekeza mimi na mama.

"Lita moja. Akizidiwa sana, mbili. Msizidishe hapo hata akiomba. Mwili wake haumudu kuitoa hewa ukaa, umeshazoea kuishi nayo nyingi. Mkimmiminia oksijeni atavuta pumzi kivivu, hewa ukaa itamjaa kwenye damu, na atalala usingizi ambao hamtaweza kumwamsha."

Mama alimwomba arudie. Mimi nilisema haina haja, nimeelewa, hizo gesi ndizo kazi yangu. Daktari alinitazama kwa heshima. Nilipenda alivyonitazama.

Sasa, kazini kwetu kuna koki kama ile, na bomba kama lile, na gololi kama ile. Kila asubuhi nafungua hewa ukaa mpaka lita sita ili kusukuma nje hewa ya jana kwenye chupa zangu. Nimeifungua mpaka sita kwa miaka kumi na minne. Mkono wangu unaijua sita kama ulimi unavyolijua pengo.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, mvua inanyesha kama imetumwa. Niliomba ruhusa nikawahi nyumbani na daftari kifuani chini ya koti, maana asubuhi ile nilikuwa nimemaliza hesabu za miezi minane. Baba alikuwa akizingoja. Kila nikirudi alikuwa akiniuliza swali moja tu, "Wangapi?", kwa sababu pumzi haikumtosha kuuliza la pili.

Mama alikuwa amelihamishia jiko la mkaa koridoni kwa sababu ya mvua, anachemsha maji ya kumkanda baba, na madirisha yote yamefungwa. Dawa ya kikohozi ilikuwa imekwisha. Akajifunika khanga kichwani.

"Nakimbia duka la dawa, mwanangu. Makaa msiache yakazima."

"Nenda, mama."

"Na usije ukamchosha na wake wenzangu."

Baba alikuwa ameegemea mito mitatu. Midomo yake ilikuwa ya samawati na kila neno alilikata vipande. "So-ma," aliniambia. Nikafungua daftari nikaanza. Sikufika mbali. Kikohozi kilimshika, akapigania hewa, macho yakamtoka, na nikaona kwamba hanisikii hata kidogo. Miezi minane, na hanisikii.

Nilitaka asikie. Nisijipambe: nilitaka anisifu. Nikainuka nikafungua koki. Mkono ukafanya unavyofanya kila asubuhi. Sikuitazama gololi, au niliitazama nikaiona iko mahali pake pa siku zote, na moyo ukatulia.

Baada ya dakika chache midomo yake ilirudiwa na rangi. Kifua kikaacha kupigana. Uso ukapata joto, ukang'aa kama uso wa mtu aliyetoka kuoga, na akazungumza sentensi nzima kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Haya, za kopo ziliamka ngapi?"

"Tisini na moja kwa mia, kwenye hewa ukaa. Bila hewa ukaa, ishirini na sita."

"Na za kiporo?"

"Hewa ikiwa nyingi, nane tu."

Akacheka, kicheko kamili, kisicho na kikohozi. "Mama yako alikuwa na haki ya kuona wivu," alisema. Kisha akafumba macho, na akiwa bado anatabasamu akasema, "Nane ni ndogo mno. Irudie hiyo."

Basi nikairudia. Nilikaa kwenye meza ya dirishani, mgongo wangu kwake, na nikahesabu upya ukurasa kwa ukurasa, nikiona raha ambayo nitaibeba mpaka kaburini kwa aibu. Baba yangu analala kwa amani na mimi nafanya kazi yake. Ilinichukua kama saa moja na robo. Nilikuwa nimeruka mstari. Haikuwa nane, ilikuwa kumi na nane.

"Baba, ulisema kweli," nikageuka. "Kumi na nane."

Uso bado uling'aa. Jasho jembamba lilikuwa limetanda kwenye paji. Nikasogea nikamwita, nikamtikisa bega, nikamfinya sikio, nikamwita kwa jina lake la maabara. Nikahesabu pumzi zake kwa saa yangu, maana ndicho ninachojua kufanya: nne kwa dakika. Nikainua macho kwenye bomba la kioo. Gololi ilikuwa imetulia kwenye sita.

Nilielewa palepale. Hakuna mtu mji ule ambaye angeelewa haraka kuliko mimi. Nikakaza koki mpaka gololi ikashuka kwenye moja. Ndipo nikampigia mama simu.

Jirani mwenye gari alitupeleka. Mama, aliyezuiwa na mvua dukani, tulimkuta njiani, ameloa chapachapa, mfuko wa dawa umemng'ang'ania mkononi. Hospitalini tulipokewa na daktari yuleyule. Alimfunua baba macho, akamsikiliza kifua, akageuka kwangu, si kwa mama.

"Oksijeni ilikuwa ngapi?"

Mama alikuwa kando yangu. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye khanga yakidondoka sakafuni. Nilimwona akinitazama kwa imani yote aliyokuwa nayo.

"Moja," nilisema.

"Una uhakika?"

"Daktari, hiyo ni kazi yangu."

Akaniamini. Nani asingemwamini Bi Kipimo? Akaanza kutafuta sababu nyingine: moyo, homa ya mapafu, damu iliyoganda. Akachukua damu ipelekwe kupimwa. Akauliza kama nyumbani kulikuwa na moshi. Mama akasema ndiyo, kulikuwa na jiko la mkaa koridoni, na madirisha ameyafunga yeye mwenyewe. Daktari akaandika. Akasema inawezekana moshi ulichangia, kwa mgonjwa kama huyu. Aliyasema kwa upole, bila lawama, kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Majibu ya damu yalirudi baba ameshakata roho. Nilipokuwa nakwenda kusaini karatasi nilipita chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi, na ndani palikuwa na mashine ya kumsaidia mgonjwa kusukuma nje hewa ukaa, imefunikwa shuka safi. Nesi aliniambia siku hiyo haikuwa na mtu.

Sijui kama ingemwokoa. Nimeifanya hesabu hiyo mara nyingi kuliko zile za miezi minane, na kila mara inagoma.

Nilizika na siri yangu. Watu walinipa pole, wakasema angalau aliondoka mkononi mwa bintiye, amelala, bila tabu. Kazini mkuu wa maabara alisema jina la Mzee Mshumaa litatangulia kwenye ripoti, na wenzangu wakapiga makofi. Niliinama kwenye hadubini na kuona uwanja mzima unang'aa, punje kwa punje, nikashindwa kuhesabu. Nikasema macho yananiuma. Wakanipa likizo.

Likizo ikanibakiza nyumbani na mama mchana kutwa, kwenye madirisha yaliyo wazi na chakula kilichopoa. Mara mbili nilijaribu kuwasha jiko. Mara zote mbili alitoka chumbani kwa kasi nisiyoitegemea kwa umri wake, akamwaga maji juu ya makaa. "Si ndani ya nyumba hii," alisema. Uso ulimpungua. Gauni la msiba lililomtosha siku ya mazishi lilianza kumning'inia mabegani. Nilijiambia ninamlinda. Mtu ni hodari wa kujitafutia majina mazuri.

Jumapili ya wiki ya tisa, asubuhi, alilileta jiko mezani limefungwa ndani ya gunia.

"Litafutie mtu anayelitaka," alisema. "Mimi siwezi tena kuliona."

Akakaa. Akaweka mikono miwili juu ya gunia, akalitazama.

"Mwanangu, wewe unajua mambo ya hewa. Sijakuuliza siku zote hizi kwa sababu naogopa. Nataka uniambie, usinifiche. Ule moshi wangu ulimkaba? Aliumia?"

"Hakuumia, mama."

"Mimi ndiye niliyewaambia msiache makaa yakazima. Kwa mdomo wangu huu. Kila nikifumba macho najisikia nikisema."

Hakuumia: hilo lilikuwa kweli, na lingetosha. Mama alishusha pumzi, akafuta jicho kwa upande wa kiganja, akawa tayari kuinuka. Ningenyamaza pale angeendelea kuishi, angenona tena kidogo kidogo, angekufa akijiita muuaji wa mumewe kwa sauti ya chini. Kwa nje kila mtu angeona sawa.

"Si moshi, mama," nilisema. "Kaa."

Nilimweleza yote kwa mpangilio, kama ripoti, kwa kuwa sijui kueleza kwa namna nyingine. Koki. Sita. Kwa nini sita. Alivyocheka. Alichosema kuhusu wivu wake. Saa moja na robo. Pumzi nne. Sita mpaka moja. Mikono yake haikuondoka juu ya gunia.

"Ulitaka akusikie," alisema nilipomaliza.

"Ndiyo, mama."

"Na mkono ulikwenda wenyewe."

"Ndiyo."

"Hilo," alisema taratibu, "baba yako angekusamehe kabla hujamaliza kusema. Na mimi vilevile."

Nikaanza kulia. Sikuwa nimelia tangu mazishi, si kwa namna ile, kama mtoto, na makamasi. Nikanyoosha mkono wangu juu ya meza kuutafuta wake. Hakuuchukua. Alikuwa akifikiri, kipaji cha uso amekikunja, kama mtu anayejumlisha.

"Daktari alipokuuliza," alisema, "baba yako alikuwa bado anapumua?"

Nilijua swali hilo lingekuja. Nilikuwa nimeliota. Katika ndoto nilikuwa na jibu.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikuwa nimesimama kando yako."

"Ndiyo."

"Ukanitazama."

"Nilikutazama."

Akasema, "Wiki tisa."

Aliinuka. Akafunga madirisha, moja baada ya jingine, akianza na la chumba alichougulia baba. Kisha akarudi, akafungua kamba ya gunia, akalitoa jiko, akalibeba mwenyewe mpaka kibaraza cha nyuma. Nilisikia kiberiti. Nilisikia kipepeo kikipiga makaa, pole pole, kisha kwa nguvu. Harufu ikaingia ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, nami nikabaki nimekaa, mkono wangu bado uko juu ya meza pale nilipouacha.

Baadaye alipita na birika. Ukutani kwetu kuna ndoano tatu tangu utoto wangu, na vikombe vitatu vya bati, cha baba, cha mama na changu. Mama akatungua chake, akamimina chai, akakaa upande wa pili wa chumba. Akainywa ikiwa ya moto, mvuke unamgonga usoni, akitazama mlango.

Hakunifukuza. Hakuniambia nikae. Nilimngoja mpaka akamaliza, na birika bado lilikuwa na chai, na kikombe changu kilikuwa bado kwenye ndoano.